Nta au polishi: rangi ya gari lako inahitaji ipi?

Mkanganyiko huu ulianzia kwenye kopo la polishi ya viatu. Tumekua tukipiga viatu vya shule polishi kila Jumapili jioni: unachota kidogo kwa brashi, unapaka, unaacha kikauke, unasugua kwa kitambaa, kiatu kinametameta mpaka mwalimu wa zamu anakosa la kusema. Kumbe tulichokiita polishi, ndani yake ilikuwa nta iliyolainishwa kwa mafuta na kutiwa rangi. Haikuikwaruza ngozi ya kiatu, iliifunika. Mtu akikua, akajaliwa gari, akaingia duka la vipuri kuomba "polishi ya gari", kichwani bado ana kile kikopo cha utotoni. Muuzaji naye anampa kopo lolote lenye picha ya gari linalong'aa. Huenda ni nta, huenda ni polishi kweli, huenda hata ni dawa ya dashibodi.

Kwenye rangi ya gari, vitu hivi viwili vinafanya kazi zinazopingana. Polishi ya gari ina chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, laini kiasi kwamba ukizisugua kati ya vidole huzihisi. Chembe hizo zinakula uso wa rangi. Nta haili kitu, inakaa juu. Ya kwanza inapunguza, ya pili inaongeza. Kwa hiyo anayeuliza "ipi bora?" ni kama anayeuliza kati ya randa na vanishi ipi bora. Fundi seremala atamuuliza kwanza: mbao yenyewe ikoje?

Unachokisugua kina unene gani?

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, kwa hiyo tusipite haraka.

Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka la kuzuia kutu lililowekwa kiwandani kwa umeme, kisha praima, kisha rangi unayoiona, halafu juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi rangi wetu huliita klia. Ukizijumlisha zote unapata kiasi cha mikroni 100 hadi 150. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu mikroni 100. Yaani kila kitu kinacholitenganisha bati lako na chumvi ya bahari ni karatasi moja, au moja na nusu. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, nusu ya karatasi hiyo.

Polishi inakula klia. Ukisugua kwa mkono, kwa polishi laini, unaondoa kidogo mno, pengine hata mikroni moja haifiki. Ukitumia mashine na kompaundi kali, yaani polishi yenye chembe za kukata zaidi, unaweza kuondoa mikroni kadhaa kwa mpigo. Na klia haioti tena kama kucha. Ndani yake mna kemikali za kuikinga rangi dhidi ya mionzi ya jua, na kadiri inavyokonda ndivyo kinga inavyopungua. Ikikonda kupita kiasi rangi inapauka, kisha klia yenyewe inaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Mmeyaona magari hayo: boneti na paa vina madoa meupe yenye kingo zilizochanika, ilhali milango bado mizuri. Paa na boneti ndivyo vinavyolitazama jua la saa sita kila siku.

Kwa hiyo polishi naihesabu kama fedha ya kwenye kibubu. Ipo, na ukiwa na shida ya kweli uichukue, lakini ukishaivunja huirudishi. Nta ni nauli ya daladala: unaitoa, kesho unaitoa tena, na huna la kujutia.

Polishi inatibu nini

Lisimamishe gari usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, au washa tochi ya simu uisogeze karibu na mlango. Ukiona mistari myembamba imejipanga kuuzunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo ni mikwaruzo ya kuosha. Imetokana na fulana kuukuu, ndoo moja, na maji yaliyokwishaoshea matairi kurudishwa juu ya boneti yakiwa na mchanga wake. Kila mstari ni mfereji mdogo kwenye klia, na kingo zake zinatawanya mwanga. Polishi inazishusha kingo hizo mpaka uso unakuwa sawa. Mng'ao unaoupata baada ya hapo ni wa rangi yenyewe, haukupakwa.

Kabla hujamlipa mtu, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo ukiukata. Ukucha ukipita bila kukwama, polishi ina nafasi nzuri. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo umeshuka kina ambacho ukikifuata kwa polishi utaimaliza klia ya pembeni yake. Ulegeze kidogo kingo zake zisionekane sana, kisha uuache. Na kama chini ya mkwaruzo unaona bati au praima, hiyo ni kazi ya rangi, na iwahi kabla ya kutu.

Kuna madoa ya maji pia. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanaosha magari kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi. Yakikaukia juani yanaacha viduara vyeupe. Vikiwa vipya, siki iliyochanganywa na maji kisha ikaoshwa vizuri huviondoa. Vikikaa miezi vinachimba klia, na hapo siki inakuwa imechelewa, inabaki polishi.

Na kunguru. Wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, na tangu hapo pwani yote inawajua. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini kuna kingine kinachofanyika. Bati likipata moto klia inalainika na kutanuka. Jua likizama inapoa na kujibana, ikichukua umbo la kinyesi kilichokwishakauka juu yake. Ukikiondoa asubuhi unakuta alama yenye mikunjo, kama imepigwa muhuri. Alama hiyo huifuti kwa sabuni wala kwa nta. Ikiwa ya juujuu, polishi inaiondoa. Ikizama, utaishi nayo.

Magari ya zamani yenye rangi moja isiyo na klia yana habari nyingine. Jekundu linageuka la waridi, jeusi linakuwa la jivu, na ukipitisha kidole kinatoka na unga wa rangi. Huko polishi inafanya maajabu, kwa sababu inakwangua tabaka lililokufa na kufikia rangi hai iliyo chini. Kitambaa kikitoka chekundu usishtuke, kwenye rangi ya aina hiyo ndivyo inavyokuwa. Lakini kitambaa kikitoka na rangi kwenye gari ambalo una hakika lina klia, simama hapohapo. Klia ya sehemu hiyo imekwisha.

Polishi si moja. Kuna kompaundi kali ya kukatia, kuna ya kati, kuna laini ya kumalizia. Kosa ninaloliona kila mara ni kuanza na kali kwa kuwa "inafanya kazi haraka". Anza na laini kabisa, kwenye kipande cha nusu mita kwa nusu mita, uone. Ikitosha, hukuwa na sababu ya kutumia kali. Dawa ya meno, ambayo mitandaoni inasifiwa kama siri ya mababu, ni polishi dhaifu tu: ina chembe za kusafishia meno. Kwa alama ndogo kwenye kishikio cha mlango inasaidia. Kwa gari zima utamaliza viboksi na mkono utauma.

Mashine ndiyo inayoharibu zaidi, hasa ikiwa mikononi mwa mwenye haraka. Iko ya kuzunguka tu, inayokwenda kati ya mizunguko 600 na 3,000 hivi kwa dakika. Iko ile inayozunguka huku ikiyumba, ambayo haitoi joto jingi na inamsamehe anayejifunza. Halafu kuna grenda, mashine ya kukatia vyuma, iliyofungwa sponji. Grenda ndogo inakwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Ukimwona fundi anaichukua, mwombe ufunguo wako kwa heshima. Gari langu la kwanza, la bluu iliyokolea, lilipitiwa na mashine ya namna hiyo kwenye gereji moja ya uchochoroni. Nililichukua jioni likiwa linameremeta, nikashukuru na kuongeza hela ya soda. Asubuhi nikaona kwenye ukingo wa boneti mstari wa kijivu, urefu wa kalamu. Ilikuwa praima. Kwenye kingo na mikunjo ya bati rangi huwa nyembamba zaidi, na sponji inakandamiza hapo kuliko mahali pengine. Fundi makini huzibandika karatasi ya gundi kwanza, pamoja na mipira na plastiki nyeusi.

Nta inafanya nini, na haifanyi nini

Nta inayosifiwa zaidi, karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi na mkoche unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Huko kuna ukame mkali, na mti hujipaka nta kwenye majani ili maji yasiponyoke. Watu wanayakata majani, wanayaanika, wanayapiga mpaka nta inadondoka kama unga, kisha wanaiyeyusha. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi, na kwa nta za asili hiyo ni ngumu sana. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 64. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka anatokea mtu wa kuuliza kwa nini tusipake nta yetu ya Tabora, ambayo ipo na ni nzuri. Ni nzuri kwa mishumaa na kwa ngozi. Kwenye boneti ya gari lililoegeshwa juani inalainika, inanata, na vumbi lote la barabarani linahamia kwako.

Kopo linalojigamba "karnauba asilimia 100" halimaanishi kwamba humo ndani hamna kingine. Karnauba tupu ni ngumu kama jiwe, huwezi kuipaka. Lazima ichanganywe na mafuta na viyeyushi. Kinachotajwa ni kwamba karnauba iliyotiwa ni halisi, wala si kipimo cha wingi wake. Zipo pia nta za viwandani, za polima, ambazo hazitoki kwenye mti wowote. Mng'ao wake ni mkavu kidogo ukilinganisha na ule wa karnauba unaoonekana kama umelowa, lakini zinadumu zaidi. Kwa gari linalolala nje hapa pwani, na kuoshwa kila wiki, karnauba mimi huihesabia wiki sita hadi nane. Ya polima naihesabia miezi minne hivi, hata kama kopo linaahidi sita au zaidi. Sabuni ya unga ya kufulia inafupisha zote mbili, maana imetengenezwa kung'oa mafuta, na haijui kutofautisha mafuta ya nguo na nta uliyoinunua kwa jasho lako.

Faida yake ni hii: maji yanajikusanya kuwa matone na kuporomoka badala ya kutandaa na kukaukia hapo, vumbi halishiki sana, kwa hiyo kuosha kunahitaji kusugua kidogo, na mikwaruzo mipya inapungua, utomvu wa mti na kinyesi cha kunguru vinakuta kitu cha kuanza nacho kabla ya kuifikia klia. Faida ya mwisho isikufanye ulale. Nta inakununulia saa kadhaa. Haikununulii wiki.

Sasa yale ambayo haiyafanyi. Haiondoi mikwaruzo. Zile zenye mafuta mengi zinaijaza mifereji myembamba ikapotea machoni, kisha baada ya kuosha mara tatu nne inarudi ilivyokuwa. Wauzaji wa magari yaliyotumika wanalijua hilo vizuri. Haizuii kutu mahali ambapo bati limeshaonekana. Haizuii kokoto za lori lililo mbele yako njia ya Chalinze. Na dhidi ya jua inasaidia kidogo tu. Kivuli kinaishinda mbali. Ingawa kivuli cha mkungu nacho kina kodi yake, kwa sababu juu ndiko kunguru walikojenga.

Usipake nta kwenye plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, kama bampa za Probox na vipande vya pembeni vya magari ya aina hiyo. Inaingia kwenye vijishimo na kukauka nyeupe, na kuitoa ni kazi ya mswaki.

Lile tambara lenye mafuta ya taa au dizeli, linalopitishwa mwilini mwa gari baada ya kuoshwa ili "ling'ae", si nta wala polishi. Linalowesha rangi ikaonekana nzito kwa siku moja, kisha vumbi linagandia hapo, na mafuta yenyewe yanatafuna mipira ya milangoni. Waambie waosha magari mapema kabla hawajaanza, kwa sababu wengine wanaifanya kama zawadi kwa mteja mzuri.

Makopo ya vyote kwa pamoja

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa bila mtu yeyote kusema uongo. Kuna bidhaa zenye chembe laini za polishi na nta humohumo: unapaka mara moja, inasafisha na kufunika. Kwa gari la kazi la miaka kumi na kitu, lenye ukungu mwembamba kwenye rangi, na mwenye nalo hana siku nzima ya kupoteza, ni chaguo la heshima. Ubaya ni kuitumia kila mwezi ukidhani ni nta. Kila mwezi unakwangua. Kopo likitaja kuondoa mikwaruzo, madoa au rangi iliyopauka, humo mna chembe za kukwaruza, hata kama jina kubwa lililoandikwa mbele ni nta.

Huduma za kauri, yaani kupaka rangi ya gari tabaka gumu la kinga, zinazouzwa siku hizi kwa bei ya kodi ya nyumba ni mada nyingine. Nitasema moja tu: kauri inafungia chini yake chochote inachokikuta. Ukiiweka juu ya utando wa buibui, umeuhifadhi. Kwa hiyo hata huko swali la polishi linakuja kwanza.

Gari lako ni lipi kati ya haya?

Limetoka bandarini majuzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Tanzania huingia hata ya zaidi ya hapo, ukilipia ushuru wa uchakavu. Vyovyote iwavyo, unanunua rangi yenye historia usiyoijua. Kama ulipewa karatasi ya mnada ya Japani, isome ile michoro. Herufi A ni mkwaruzo: A1 mdogo, A3 mkubwa. U ni kubonyea. W ni paneli iliyorekebishwa, na XX ni iliyobadilishwa. Penye A1 polishi laini inaweza kutosha. Penye W usimruhusu mtu aweke mashine kabla ya kupima, kwa sababu rangi ya pale si ya kiwandani. Kifaa cha kupima unene wa rangi kipo kwa mafundi walio makini. Kikisoma mikroni 300 kwenda juu mlangoni, ilhali mlango wa pili unasoma 120, mlango huo umepigwa rangi upya, na pengine chini yake kuna puti, ile lepe la kujazia palipobonyea. Gari la namna hii mara nyingi limekwishapigwa mashine na muuzaji ili lipendeze kwenye picha. Mimi ningeanza na nta, nikae nalo miezi mitatu, ndipo niamue kama polishi inahitajika kweli.

Ni jeusi au bluu nzito. Pole. Rangi hizi zinaonyesha kila kitu, na mwenye nazo ndiye anayeshawishika kupiga polishi kila mwaka. Fanya moja nzuri, kwa mtu anayejua, kisha hamishia hela kwenye kuosha vizuri: ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, taulo laini za nyuzi ndogo, sabuni ya magari. Ukiosha vizuri hutaihitaji polishi mapema.

Ni jeupe la kazi, Hiace au Probox. Mikwaruzo ya kuosha haionekani kwenye rangi nyeupe ukiwa hatua mbili mbali, sasa unamtengenezea nani? Nta ya polima kila baada ya miezi minne inatosha. Kwa daladala hata hiyo ni anasa.

Limepigwa rangi upya gereji, bila tanuri, limekauka kwa upepo. Subiri. Viyeyushi vya rangi bado vinatoka, na nta inavizibia njia. Miezi miwili mpaka mitatu ni muda wa busara, au umuulize fundi aina ya rangi aliyotumia. Polishi inaweza kuja mapema kuliko nta, rangi ikishakuwa ngumu. Mafundi wenyewe huanza kwa msasa wa maji namba 2000 na kumalizia kwa mashine ili kuondoa vumbi lililonasa. Na kabla ya siku ya kupuliza rangi, usiruhusu dawa ya dashibodi yenye silikoni ikaribie hapo. Silikoni inaifanya rangi mbichi ijikunje na kuacha vishimo vya duara, ambavyo mafundi wanavichukia kuliko mvua.

Klia imeshabanduka. Hapo hakuna cha kuchagua. Polishi itapanua kidonda, nta itaonyesha kingo zake vizuri zaidi. Hela hiyo iweke kwa ajili ya rangi.

Lina rangi isiyong'aa iliyotoka hivyo kiwandani. Usipake yoyote kati ya hizi mbili. Polishi itatengeneza doa linalong'aa ambalo halirudi nyuma.

Ukiamua kutumia zote mbili

Mpangilio hauna mjadala: kuosha, kuondoa vilivyonasa, polishi, kufuta, nta mwisho. Ukipiga polishi juu ya nta ya jana umeitupa nta.

Hatua ya kuondoa vilivyonasa inarukwa na wengi. Gari likiwa safi na limelowa, vaa mfuko mwembamba mkononi, upitishe vidole juu ya boneti. (Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia karatasi ya nailoni iliyofungia mkate.) Mfuko unafanya vidole vihisi zaidi. Ukisikia vinundu kama msasa mwembamba, ni vumbi la breki, matone ya rangi na utomvu vilivyoshikamana na klia. Kuna udongo maalumu wa kuviondoa, unaoteleza juu ya uso uliolowa. Bila hatua hiyo, mashine inavizungusha vinundu hivyo na kuvifanya msasa kweli.

Fanya kivulini, bati likiwa limepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukitoa. Polishi ikikaukia kwenye bati la moto inaacha michirizi. Nta nayo inagoma kufutika. Kwa nta, kidogo ni bora. Paka tabaka jembamba unaloliona kwa shida, subiri lifanye ukungu, pitisha kidole: kikiacha alama safi isiyovutika, futa. Wanaopaka nene kama siagi kwenye mkate wanaitupa kwenye kitambaa cha kufutia.

Muda nao unakusaidia kujua unachouziwa. Kupaka nta kwa mkono kwenye gari dogo ni kama saa moja. Polishi ya mashine iliyofanywa sawasawa ni nusu siku, mara nyingi siku nzima. Anayekuambia amepiga gari zima polishi wakati unamalizia chai na chapati, ama amekupaka nta yenye mafuta, ambayo haina ubaya ila isitozwe bei ya polishi, ama amekimbiza mashine, na hilo utalijua usiku kwenye taa za kituo cha mafuta.

Taa za mbele zilizogeuka njano zinafuata kanuni hiyohiyo, ingawa ni plastiki: uso umeungua, kwa hiyo polishi ndiyo inayozirudisha. Ukizipaka nta tu, utakuwa na njano inayong'aa.

Gari nililo nalo sasa ni la fedha, linalala chini ya mkungu, na nta linapata kila ninapoona maji yameacha kujikusanya matone juu ya boneti. Polishi limepata mara moja, boneti na mlango wa dereva peke yake, baada ya mtoto wa jirani kupita na baiskeli. Kabla ya kazi fundi alipima boneti akapata 118. Baada ya kazi akapata 115. Namba zote mbili nimeziandika kwenye kijitabu cha sevisi, ukurasa wa nyuma, karibu na tarehe ya kubadilisha oili, ili atakayelinunua kwangu aone kilichobaki.